Nani Alishika Bendera?

Mjini Lubumbashi helikopta ikipita, hakuna anayeuliza imebeba nini. Tunauliza: nani yuko ndani? Mama muuza sombe anakinga macho kwa mkono, kijana wa pikipiki anapunguza mwendo, na lazima mmoja atataja cheo: gavana, mkubwa wa mgodi, mgeni kutoka Kinshasa. Kwetu chombo hiki ni kiti cha mkubwa. Ndiyo maana, kwenye kilio kimoja cha msiba huko Katuba, mzee aliposema kwamba amefanya kazi ya helikopta kwa miaka na hajawahi kuipanda hata siku moja, watu walicheka. Nami nilicheka. Baadaye nikasogeza kiti changu karibu na chake.

Kazi yake ilikuwa kuchanganya dawa. Alikuwa ng'ambo ya mpaka, upande wa Zambia, kwenye kikosi cha kupambana na nzige, miaka ya 1970. Kabla ya kupewa mapipa alikuwa mshika bendera, yule anayemwonyesha rubani mstari akiwa chini. "Mutoto yangu," aliniambia, "dawa njo ilikuwa naruka. Ile ndege ilikuwa naibeba tu."

Maneno hayo yamenirudia mara nyingi mwaka huu, kwa sababu droni za kilimo zimeanza kutembezwa kwa wenye mashamba ya barabara ya Kasenga na ya Likasi. Muuzaji anafungua sanduku, chombo kinapaa, simu zinatolewa, watu wanapiga picha. Ahadi anayoitoa ni ile ile iliyotolewa na wauzaji wa helikopta za kwanza za kilimo karibu miaka 80 iliyopita: ukishaweza kuruka, shamba limepona. Naona tutairudia hasara ya wale wa kwanza, kwa kuwa tumeirithi historia yao ikiwa nusu. Tumepewa picha ya angani. Ya chini hatukupewa.

Nusu ya juu inajulikana sana. Tarehe 8 Machi 1946, helikopta aina ya Bell 47 ilikuwa ya kwanza kupewa cheti cha kazi za kiraia nchini Marekani. Aliyeibuni, Arthur Young, alikuwa mtu wa falsafa pia, si wa karakana tu. Zaidi ya 5,600 zilitengenezwa, pamoja na zile za Agusta nchini Italia, Kawasaki nchini Japani na Westland nchini Uingereza. Ni ile yenye kichwa cha plastiki angavu kama povu la sabuni, na mkia wa vyuma vitupu kama nguzo ya simu. Moja yake imening'inizwa tangu 1984 katika jumba la sanaa za kisasa la New York, juu ya ngazi, na wageni huitazama kama sanamu. Helikopta mwenzake, Hiller, aliyebuniwa na Stanley Hiller, naye ana wapenzi wake wanaomng'arisha hadi leo. Sina ugomvi nao. Chombo ni kizuri kweli. Lakini hakuna jumba la makumbusho lililoning'iniza ndoo ya kuchanganyia dawa.

Wauzaji wa mwanzo walisema nini? Walisema upepo wa mapanga yake yanayozunguka juu utayapindua majani na kuisukuma dawa hadi chini yake, mahali ambapo ndege ya mbawa haifiki. Ni kweli, ikiwa helikopta inakwenda polepole sana. Ikifika kilomita 40 au 50 kwa saa, upepo ule unaachwa nyuma na kujikunja pembeni, na dawa inaanguka karibu sawa na ile ya ndege ya kawaida. Sasa fikiria mwenye biashara. Saa moja ya helikopta ni ghali mno. Akienda polepole anafilisika. Akienda haraka anapoteza ile faida aliyoiuza. Wengi walikwenda haraka, wala siwalaumu.

Iliyowaokoa haikuwa hewani. Helikopta haihitaji uwanja. Ndege ya kupulizia lazima irudi kwenye njia yake ya kutua, pengine kilomita kadhaa, na kila dakika ya safari hiyo ni petroli isiyoua mdudu yeyote. Helikopta ilitua pale pale kando ya shamba, mara nyingi juu ya jukwaa la mbao lililofungwa mgongoni mwa lori. Chini ya jukwaa kulikuwa na tangi la maji, pampu, mapipa ya dawa na watu wawili au watatu. Mapanga hayakusimama. Mtu aliinama, akachomeka mpira, akajaza, akachomoa, akapiga kofi ubavuni mwa chombo, kikaondoka. Faida au hasara ya siku nzima ilikaa katika dakika ile. Kikosi chenye wachanganyaji hodari kilimaliza shamba kabla jua halijakaza. Kikosi kizembe chenye rubani bora duniani kilibaki kikipiga kelele na kuchoma petroli. Kwa hiyo, kama ningeulizwa ni uvumbuzi gani uliifanya helikopta ilipe shambani, ningejibu: lori.

Mzee wa Katuba alinieleza jinsi alivyoupima mchanganyiko kwa sauti ya pampu, na jinsi alivyojua kutoka umbali wa mita 200, kwa kutazama mkia wa ukungu, kwamba nozeli ya tatu upande wa kushoto imeziba. Rubani hakuweza kuiona. Rubani alikuwa na kazi yake: kwenye Bell za zamani mkono wa kushoto ulinyanyua chombo na wakati huo huo ulizungusha mshiko wa petroli, kama pikipiki, ili mapanga yasipungue kasi, miguu ililinda mkia, macho yalitafuta nyaya. Nyaya za umeme na za simu zimewaua marubani wengi wa kilimo kuliko dhoruba. Na injini ikizima ukiwa mita tatu juu ya mahindi, huna nafasi ya kuteremka kwa mzunguko wa mapanga kama walivyokufundisha shuleni. Una mwendo ulio nao tu, na akili.

Mshika bendera ndiye nimemfikiria zaidi. Alisimama mwisho wa mstari, bendera juu, ili rubani alenge. Chombo kilimpita kichwani. Kisha akahesabu hatua kuelekea mstari unaofuata na kuinua tena. Kanuni ilikuwa kuanzia upande ambao upepo unaelekea, na kurudi nyuma dhidi ya upepo, mstari baada ya mstari, ili kila hatua impeleke mtu kwenye hewa safi. Kanuni nzuri, ila upepo haukuisoma. Asubuhi ukiwa wa mashariki, saa tatu umegeuka, na mwenye bendera hawezi kukimbia kwa sababu rubani analenga kwake.

Na hizo dawa zilikuwaje? Kulikuwa na DNC, iliyoipaka ngozi rangi ya manjano isiyotoka kwa sabuni. Kulikuwa na dieldrin, inayokaa kwenye udongo na kwenye mafuta ya mwili kwa miaka, hata Mkataba wa Stockholm wa 2001 ukaiweka kwenye orodha ya kwanza ya sumu za kuondolewa duniani. Kulikuwa na parathion, jamaa wa zile gesi za vita, ambayo kiasi kidogo kupitia ngozi kilitosha. Vifaa vya kisasa vya satelaiti vilipoingia miaka ya 1990 na kumwonyesha rubani mstari wake kwenye kioo, kazi ya bendera ilikufa. Kuna wanaosikitikia kila kazi inayochukuliwa na mashine. Hiyo siisikitikii.

Sisi wenyewe si wageni wa habari hii, ingawa watu wengi mjini hawaijui. Mwaka 1948, mwaka ule ule Paul Müller alipopewa tuzo ya Nobel kwa kugundua kwamba DDT inaua wadudu, DDT ilimwagwa kutoka angani juu ya kingo za mto kule Léopoldville, Kinshasa ya leo, ili kuangamiza usubi, yule inzi mdogo anayeleta upofu. Usubi ukaondoka mjini. Kwa upande wetu wa kusini jambo kubwa lilikuwa nzige wekundu. Kati ya 1930 na 1944 walifunika sehemu kubwa ya Afrika chini ya ikweta. Wataalamu walipofuata nyayo zao nyuma, wakafika kwenye mabonde machache yenye nyasi na maji yasiyo na mlango wa kutokea: Rukwa nchini Tanzania, na Mweru wa Ntipa nchini Zambia, jirani kabisa na ziwa letu la Moero ambalo watu wa Pweto na Kilwa wanavua samaki. Mwaka 1949 nchi kadhaa zilitia saini mkataba London wa kuyalinda mabonde hayo, Ubelgiji ikiwamo. Kituo kiliwekwa Abercorn, mji unaoitwa leo Mbala. Shirika lililorithi kazi hiyo lina makao yake Ndola, mji ambao Walushi wengi, yaani watu wa Lubumbashi, wanaujua kwa malori ya unga na kwa ndege ya Hammarskjöld, katibu mkuu wa Umoja wa Mataifa, iliyoanguka mwaka 1961, lakini si kwa nzige.

Kwa nzige hesabu ya upepo inageuka kabisa. Mkulima wa viazi anataka asubuhi tulivu na matone mazito, maana tone dogo linapeperuka hadi kwa jirani. Anayewinda nzige anataka matone madogo sana na upepo wa kutosha, ili mstari mmoja wa dawa ubebwe mbali na kushika nyasi kwa upana; nusu lita au lita moja inatosha hekta nzima. Upepo unakuwa kibarua. Helikopta ilifaa hapo kwa sababu nyingine tena: kutafuta. Kundi la tunutu, wale nzige wachanga wasio na mbawa, unaweza kulivuka kwa gari kwenye nyasi za Rukwa bila kuliona. Helikopta inateremka, mtu anashuka, anahesabu, anapanda, inaendelea. Nchini Tanzania mwaka 2009 nzige wekundu walipoanza kuongezeka Iku-Katavi, hekta 10,000 hivi zilipuliziwa kutoka angani kwa kuvu inayoshambulia nzige na jamaa zao panzi peke yao, na tauni ya nzige haikutokea. Sisi hapa hatukusikia chochote. Tauni isiyotokea haina picha.

Niseme pia juu ya Afrika Magharibi, kwa sababu huko ndiko kazi hii ilifanywa kwa ukubwa na kwa akili kuliko mahali pengine nilipopata kusoma. Kuanzia 1974 hadi 2002, mpango wa kupambana na upofu wa usubi, makao yake Ouagadougou, ulifika nchi 11. Helikopta zilifuata mito kila wiki zikidondosha dawa kwenye maporomoko madogo, pale maji yanapokimbia na kutoa povu, kwa maana usubi hutaga mayai kwenye maji yenye kasi. Urefu wa mito iliyotibiwa ulifika kilomita 50,000. Kiasi cha dawa kilitegemea kiasi cha maji ya wiki hiyo, kwa hiyo palihitajika watu wa kusoma kina cha mito, watu wa kukamata inzi na kuwahesabu, watu wa kupeleka mapipa ya petroli porini kabla ya mvua kufunga njia. Mwaka 1980 usubi ukaanza kuizoea dawa iitwayo temephos. Mpango haukuanguka. Maabara ilikwishaona, na dawa zikaanza kubadilishwa kwa zamu, mojawapo ikiwa bakteria anayeua mabuu tu. Takwimu ya mwisho iliyotolewa ni watu 600,000 waliookolewa na upofu. Jiulize ni wangapi kati ya waliofanya kazi ile walikaa kwenye kiti cha rubani. Wachache sana.

Kongo usubi bado upo. Mito tunayo. Nitaacha hapo, maana hiyo ni makala nyingine (ya kusoma, si ile makala yetu ya mkaa, ya kupikia bukari).

Kwa nini basi helikopta ya kilimo haikuwa sehemu ya maisha ya Katanga? Jibu la haraka ni umaskini, na si la uongo, lakini lina uvivu. Kuna jibu la injini. Uwanja wa ndege wa Luano, hapa Lubumbashi, uko mita 1,300 hivi juu ya bahari. Injini ya pistoni isiyo na turbo ya kuisukumia hewa hupoteza karibu asilimia 3 ya nguvu kila unapopanda mita 300, kwa hiyo hapa kwetu unaanza siku ukiwa umepoteza asilimia 13, kabla joto la Oktoba halijaifanya hewa iwe nyepesi zaidi. Hujazi tangi. Unabeba robo tatu, labda chini ya hapo, na gharama ya hekta inapanda. Petroli ya ndege za pistoni nayo ni adimu katika viwanja vingi vya Afrika. Kinachouzwa ni mafuta ya ndege za jeti. Kisha vipuri: kila kipande kikubwa cha Bell 47 kina umri wake wa saa, ulioandikwa kwenye daftari, na fundi hupaka grisi kila siku ya kazi, apende asipende. Chombo hiki kinaishi hadi leo kwa sababu ya daftari hilo, na kwa sababu kampuni moja ndogo ya Marekani ilinunua haki zake mwaka 2010 ili vipuri visikauke.

Halafu kuna jibu la shamba lenyewe. Mahindi yetu mengi yako katika vipande vidogo, muhogo pembeni, maharage katikati, bwawa la samaki chini, mzinga wa nyuki kwenye mti. Ukipita juu na kilo mia za dawa, unampulizia nani? Kule Yakima, jimbo la Washington nchini Marekani, helikopta hadi leo huitwa mvua ikikatika, zielee juu ya micheri na kupuliza maji yaliyobaki kwenye matunda kabla hayajapasuka, na usiku wa baridi kali huitwa kuishusha hewa ya vuguvugu iliyoko juu. Rubani analipwa hata kwa kungoja. Hayo ni matunda yanayoweza kulipa mtu angoje. Mahindi yetu hayawezi.

Sasa droni. Nina sababu ya kuzipenda: hakuna rubani wa kufia kwenye waya, na zinaweza kulifuata shamba dogo. Japani walilijua hilo mapema. Helikopta zenye watu zilipuliza mpunga wao kwa miongo, kisha Yamaha wakatoa helikopta ndogo isiyo na mtu mwaka 1987, na iliyo bora zaidi mwaka 1997. Zilishika kwa sababu vyama vya wakulima vilikuwepo, waendeshaji walisomea na kupewa leseni, na mafundi walipatikana karibu. Chombo kilikuta ardhi imeandaliwa.

Tuchukue droni ya tangi la lita 40, tuifanyie hesabu ya mzee wa Katuba. Kwa lita 10 hadi 20 kwa hekta, tangi moja ni hekta mbili hadi nne. Shamba la hekta 50 litahitaji kujaza mara 13 hadi 25. Betri inashikilia dakika kumi hivi ikiwa na mzigo, kwa hiyo unahitaji betri kadhaa na jenereta inayonguruma, maana umeme wa uhakika huko Kasenga sote tunaujua. Hapo nimehesabu vyuma tu. Bomba la mgongoni linatumia lita 200 hivi za maji kwa hekta. Droni inatumia 10 au 20, lakini dawa ya hekta ni ile ile. Maana yake mchanganyiko kwenye ndoo ya droni una ukali mara kumi hadi ishirini. Kijana anayemwaga ndoo hiyo mara 25 kwa siku anashika kitu tofauti kabisa na alichokizoea, hata kama jina kwenye chupa halijabadilika. Hilo muuzaji hakulisema. Nadhani hata halijui.

Na kiwavi jeshi wa Amerika, aliyeingia Afrika mwaka 2016 na kutufanya tununue dawa kama wendawazimu, anajificha ndani kabisa ya moyo wa mhindi. Mwenye bomba la mgongoni anaelekeza mdomo wa bomba pale pale. Mvua nyepesi ya kutoka juu inategemea bahati zaidi. Sijasema haifai, nasema mtu apime shamba lake kabla ya kupima urefu wa video.

Nilimchukua mzee nikaenda naye kwenye onyesho moja, Jumamosi, mwendo wa saa moja kutoka mjini. Walituweka chini ya hema, tukapewa soda. Muuzaji alizungumza vizuri, kwa Kifaransa, akitaja kamera na rada. Kijana wa miaka kama 19, viatu vya wazi, bila glavu, alikuwa nyuma ya gari akikoroga ndoo kwa kijiti. Watu wote walikuwa wamegeukia upande ule chombo kilikosimama. Kilipopaa, wakapiga makofi, na kikaanza mstari wake wa kwanza upande ule upepo unakotokea.

Mzee aliokota vumbi kidogo, akaliachia kutoka urefu wa kifua, akalitazama linakoelekea. Akanyanyua soda yake, akazunguka hema bila kumwambia mtu kitu, akaenda kusimama upande wa pili, nyuma ya gari, karibu na kijana wa ndoo. Nilipomfuata alikuwa anamuuliza jina lake, na maji ya kunawa yako wapi.